Maneno ya Mshtakiwa Mwenyewe

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, chuo kikuu kilifungwa katikati ya muhula. Wanafunzi walikuwa wamerusha mawe barabarani, serikali ikakasirika, na dada yangu Linet akarudi nyumbani Mumbuni na sanduku la vitabu na nguo za kubadilisha mara moja. Mama alimpokea kwa vigelegele. Mimi nilimpokea kwa kumwachia kitanda changu, na sikumwachia kwa moyo mweupe, maana tangu alipoingia mlangoni hakuacha kutusomea sheria.

Alikuwa mwaka wa tatu. Somo lililomtesa ni lile la utaratibu wa kesi za jinai: mtu hukamatwa vipi, husomewa mashtaka vipi, hujibu vipi, na ni kosa gani dogo la hakimu linaloweza kuiangusha kesi nzima. Alikuwa ameanguka mtihani wa somo hilo, na chuo kikifunguliwa alitakiwa aurudie. Linet, ambaye hakuwahi kuanguka kitu tangu darasa la kwanza! Aibu hiyo ilimkaa rohoni. Kwa hiyo alisoma kwa hasira na kwa sauti, akitembea kati ya jiko na zizi la mbuzi, na majirani waliopita njiani wakamwita wakili. Mama hakuwasahihisha. Kila niliporudi kutoka sokoni na robota langu la mitumba nilimkuta Mama ameketi kwenye kigoda, mikono imejaa unga, akisikiliza habari za hati ya mashtaka kama anayesikiliza mahubiri.

Alasiri moja Linet alisema kusoma peke yake hakumwingii tena, afadhali tuigize. Mama awe hakimu kwa kuwa ana umri. Mimi Ndila niwe karani wa kutafsiri, kwa kuwa, kwa maneno yake, nina mdomo. Mshtakiwa akawa Munyao, kitinda mimba wetu, aliyekuwa ameketi mlangoni akikwangua udongo kwenye viatu vyake.

Munyao alikuwa mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti. Alilelewa Mwala na susu, yaani nyanya yetu, wakati Mama alipokuwa akichuma kahawa ya watu, na aliporudi kwetu alikuwa tayari kijana mwenye tabia za kizee. Kwa susu, mkubwa akikuzungumzia hukai kimya. Kila anapovuta pumzi unamwitikia kwa Kikamba, "Niw'o." Maana yake ni kweli, au ndivyo, au nakusikia tu, endelea. Usipoitikia anaona umempuuza. Hata kanisani mchungaji alipohubiri, tulimsikia Munyao akiitikia chini kwa chini, nasi tukamtania kwamba ndiye shemasi wa niw'o.

Siku zile lakini hatukumtania sana. Alikuwa ameacha kwenda Tala, alikokuwa akibeba mizigo ya mabati na saruji kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Alisema mgongo unamuuma. Alikaa nyumbani, akala kidogo, na ukimwita kwa ghafla alishtuka. Mama alisema ni minyoo.

Linet akasimama mbele yake, akajikohoza. "Munyao, unashtakiwa ya kwamba..."

"Niw'o."

"...mahali fulani wilayani Machakos..."

"Niw'o."

"...uliiba mbuzi, mali ya..."

"Niw'o."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akajipaka unga usoni. Nami nilicheka. Linet hakucheka.

"Wacheni! Hiyo ndiyo inafunga watu," akasema. "Karani anasikia hiyo niw'o, anaambia hakimu amekubali, hakimu anaandika, kwisha. Na hiyo si kukubali. Mtu anafaa asomewe shtaka yote kwa lugha yake, aelewe, halafu ajibu, na yale maneno yanaandikwa vile ameyasema. Maneno ya mshtakiwa mwenyewe. Hiyo ikiharibika, High Court inatupa kesi."

"Na ikikosa kuharibika?" niliuliza, kwa uchokozi tu.

"Mtu akikubali vizuri, mwenyewe, hakuna rufaa. Anaweza tu kulilia adhabu ipunguzwe. Mlango mwingine umefungwa."

Munyao aliacha kukwangua viatu. "Na kama alifanya?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mshtakiwa. Kama ni kweli alifanya. Huyo mnamwambia aseme nini?"

Linet alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Hiyo si swali ya utaratibu," akasema. "Hiyo ni mambo ya ushahidi, tulifanya mwaka jana."

Munyao akainuka akaenda zake nyuma ya nyumba. Chai yake ilibaki palepale ikashika utando. Mama alisema amechoka, tumwache. Mimi nilimchungulia kupitia dirisha. Alikuwa amesimama akiangalia barabara inayotoka Tala.

Walikuja juma lililofuata, mchana peupe. Mvua ilikuwa imebomoa matuta yetu, na Munyao alikuwa shambani akiyajenga upya. Niliwaona polisi wakishuka katikati ya mahindi, mmoja akikwepa kukanyaga miche kana kwamba amekuja kwa wema. Hawakukimbia, na Munyao hakukimbia. Aliegemeza jembe kwenye tuta, akapangusa viganja kwenye suruali, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele kabla hajaambiwa. Hilo liliniogopesha kuliko bunduki zao. Mtu asiye na hatia huuliza kwanza, "Nimefanya nini?" Yeye hakuuliza.

Tulichoambiwa kituoni ni hiki. Duka lile la Tala lilikuwa limevunjwa, na mlinzi wake, mzee mmoja aitwaye Kaloki, alipigwa kichwani kwa chuma. Hakufa. Aliamka hospitalini haoni. Kuna mtu alikuwa amemtaja Munyao, na wenzake walikuwa bado wanatafutwa. Shtaka ni wizi wa mabavu.

Linet alikuwa amesimama wima karibu na kaunta aliposikia jina la shtaka, na nilimwona akishika ukingo wa kaunta. Tulipotoka nje alituambia bila kuzungukazunguka, kama anayejibu swali la mtihani. Adhabu ya wizi wa mabavu ni moja tu, kunyongwa. Hakimu hana nafasi ya kupunguza hata akitaka. Na serikali humpa wakili wa bure mtu aliyeua. Wa wizi wa mabavu haimpi, ingawa kamba ni ileile. Mawakili wa mjini hatukuwaweza, hilo halikuhitaji kitabu.

"Kwa hivyo wakili ni nani?" Mama akauliza.

Alikuwa tayari anamwangalia Linet.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, na kila aliyefumba macho alimtaja Munyao mara moja na Linet mara kadhaa. "Bwana, umpe hekima wakili wetu." Nilitaka kupiga kelele. Wakili gani? Msichana aliyeanguka mtihani wa somo lilelile! Lakini nani angenisikiliza? Hata mimi mwenyewe, usiniulize kwa nini, nilipomtazama nilijikuta nikingoja aseme kitu. Linet aliacha kusoma kwa sauti. Sasa alisoma kimya, midomo ikicheza, na mara nyingine alisahau kula. Mama alimpa nyama iliyo bora kwenye sufuria, na aliweka mkono begani mwake kila alipopita, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kuhusu Munyao alikuwa na neno moja tu. "Mtoto wangu hawezi." Halikuwa neno la kujadiliwa.

Tuliruhusiwa kumwona kituoni, Linet na mimi. Askari alitusimamisha kwenye kiambaza cha waya, akasogea hatua chache akawasha sigara. Munyao alikuwa amekonda. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na hakutaka tuuangalie.

"Linet," akasema. "Nataka nikuambie hiyo siku ilikuwa aje."

"Usiniambie."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nikijua siwezi kukusaidia. Mwalimu wetu anasema wakili haulizi mtu kama alifanya. Hataki kujua. Anataka kujua polisi wanaweza kuthibitisha nini."

"Wewe si wakili," Munyao akasema polepole. "Wewe ni dadangu."

Linet alisogea karibu na kiambaza. Nilidhani sasa atashika waya, atamwambia basi sema, nami niliomba asimwambie hivyo, kwa sababu nilijua, Mungu anisamehe, nilijua tayari kwamba kilichokuwa kinakuja hakingetufaa. Lakini Linet alikuwa na somo lake, na alilishikilia.

"Sikiza vizuri," akasema. "Ukisomewa, ngoja wamalize. Usiitikie itikie. Wakimaliza useme hapana. Neno moja tu. Baada ya hapo ni kazi yao kuleta mashahidi."

"Na nikisema ndio?"

"Ukisema ndio na waiandike vizuri, ni kamba, Munyao. Hakuna ingine."

Munyao aliinamisha kichwa. "Niw'o," akasema.

Njiani nilimuuliza Linet anafikiri alitaka kutuambia nini. Akasema hajui, na kwamba hata mimi sitaki kujua. Nilimwambia elimu imemtoa akili. Tuliachana pale sokoni bila kuagana, na nikauza nguo siku hiyo kwa ukali, wateja wakanikimbia.

Korti tuliyopelekwa sitaitaja, kwa sababu baadhi ya watu wake bado wako kazini na mimi bado nina biashara. Ilikuwa na paa la mabati na madirisha yaliyopakwa rangi nusu, na mabenchi yalijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mama alivaa nguo yake ya Pasaka. Alimweka Linet katikati yetu, karibu na njia, apate pa kupitia akiitwa. Hakuna aliyekuwa amesema ataitwa.

Kabla hakimu hajaingia, mwanamke mmoja alipita mbele yetu akimwongoza mzee kwa kiwiko. Mzee alivaa koti safi na bandeji iliyofika kwenye nyusi. Mwanamke alimkalisha benchi la mbele, akamnyoosha kola. Hakuna aliyetuambia ni nani. Mama alitazama mbele kana kwamba benchi lile lilikuwa tupu, lakini mkono wake ulitafuta wangu.

Munyao alipandishwa kizimbani kati ya wezi wa kuku na wapikaji wa pombe. Orodha ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa na haraka. Hakimu alikuwa mwanamume wa makamo aliyeandika bila kuinua macho, na Kikamba hakukijua. Kiongozi wa mashtaka alikuwa inspekta wa polisi mwenye mafaili kwapani. Karani wa kutafsiri alikuwa kijana mwembamba. Jina la ndugu yangu lilipoitwa, alichukua ile hati akaanza kuisoma kwa Kikamba, mbiombio, kama mtu anayetangaza bei ya nyanya jua linapozama.

"Munyao, unashtakiwa ya kwamba ukiwa pamoja na wengine ambao hawako mbele ya mahakama..."

Akavuta pumzi.

"Niw'o," akasema Munyao.

Nilihisi Linet akikakamaa kando yangu.

"...huko soko la Tala, mkiwa na silaha, yaani chuma..."

"Niw'o."

"...mlimwibia, na wakati wa wizi huo mkamjeruhi, Kaloki..."

Hapo Munyao alichelewa kidogo. Kisha akasema, chini zaidi, "Niw'o."

Karani alikunja karatasi. Hakimu aliuliza amejibu nini, na karani, bila hata kumgeukia Munyao, akasema, "Amesema ni kweli, mheshimiwa." Hakimu akainama akaandika. Inspekta akatoa faili kutoka kwapani ili asome maelezo ya kesi. Mambo yote hayo yalikwisha kabla sijajua yameanza.

"Ndila." Linet alininong'oneza sikioni kwa pumzi ya moto. "Hiyo si kukubali. Hakuulizwa. Alikuwa anaitikia tu, vile susu alimfundisha."

"Sasa?"

"Sasa wamekosea. Wakienda hivi mpaka mwisho, High Court itaitupa. Lazima iitupe."

"Basi nyamaza," nikamwambia. "Wacha waende."

"Itachukua miaka. Atakaa jela ya Kamiti, kwa wale wa kunyongwa, akingoja faili isogee. Miaka, Ndila, kwa sababu ya kuitikia!"

"Wewe si umesema itatupwa? Nyamaza."

Nilimshika mkono wa sweta, na alikaa. Kwa muda kidogo nilidhani nimeshinda. Niliziona hatua zake zote zikipita usoni mwake, zile alizokuwa akizikariri kati ya jiko na zizi, na nikaona jinsi alivyoshindwa kuzitazama zikikanyagwa. Labda ilikuwa huruma. Labda ilikuwa ule mtihani. Mama, ambaye hakusikia tulichonong'ona, alimsukuma mgongoni kwa kiganja, kidogo tu, kama unavyomsukuma mtoto akakariri mstari mbele ya kanisa.

Linet akasimama.

"Mheshimiwa."

Korti nzima iligeuka. Askari mmoja alianza kuja upande wetu, na hakimu akamzuia kwa kalamu.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni mwanafunzi wa sheria. Huyu ni ndugu yangu."

"Mheshimiwa, huyu hana ruhusa ya kuongea hapa," inspekta akasema, akicheka kidogo.

"Najua hana," hakimu akajibu. Sasa alikuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Lakini amesimama. Sema, binti, na usichelewe."

Naye akasema. Nitasema ukweli, nilijivuna. Hata sasa, nikikumbuka sehemu ile peke yake, najivuna. Alisimama na sketi yake ya shule aliyoishusha upindo, akaeleza niw'o ni nini kwa watu wetu, kwamba mtoto aliyelelewa na mzee huisema anaposikiliza, si anapokubali. Alisema mshtakiwa hakuulizwa swali. Alisema shtaka lenye adhabu ya kifo haliwezi kujibiwa karani anapovuta pumzi. Akaomba shtaka lisomwe upya, taratibu, mshtakiwa angoje mpaka mwisho, aulizwe, na jibu lake liandikwe kama atakavyolitamka, maneno yake mwenyewe. Karani alitazama viatu vyake. Watu kwenye mabenchi waliguna kwa kuridhika, na mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo msichana amesoma."

Hakimu alivua miwani. Alimwuliza karani kama hayo ya niw'o ni kweli, na karani akakubali. Hakimu akapiga mstari juu ya alichokuwa ameandika.

"Tutaanza upya," akasema. "Na kwa kuwa tunafanya vizuri, tufanye vizuri kabisa." Alimgeukia Munyao, akasema kwa Kiswahili, akimsubiri karani baada ya kila kipande. "Shtaka hili lina adhabu moja. Ukikubali, utahukumiwa kunyongwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa," Munyao akasema. "Dadangu alinielezea."

Karani akasoma tena. Safari hii alisoma kama mtu mwingine, neno kwa neno, akimtazama Munyao usoni, na Munyao hakuitikia hata mara moja. Alikuwa amekaza midomo kama alivyofundishwa. Lilipofika jina la Kaloki, yule mzee wa benchi la mbele aliinua kichwa, akakigeuza taratibu akitafuta sauti inatoka wapi, sikio likitangulia. Munyao akamwona. Nadhani mpaka wakati ule hakuwa amemwona, maana alishika ukuta wa kizimba kwa mikono yote miwili.

"Umesikia shtaka," karani akamaliza. "Ni kweli au si kweli?"

Hakukuwa na sauti ila mabati yakilia kwa jua. Linet bado alikuwa amesimama. Niliona midomo yake ikitengeneza lile neno moja, hapana, ikilirudia, kama mama anayefungua mdomo wake ili mtoto ameze.

"Ni mimi nilimpiga," Munyao akasema kwa Kikamba.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kila aliyezaliwa upande wetu alimsikia. "Wenzangu walikuwa wanabeba vitu. Nilimpiga mara ya kwanza akaanguka, na angebaki hapo, hakuwa anatusumbua tena. Halafu aliniita kwa jina. Alikuwa ananijua, tulikuwa tunakunywa chai pamoja pale dukani. Akaniambia, 'Munyao, ni wewe?' Ndiyo nikampiga ile ya pili."

Yule mwanamke aliyemwongoza Kaloki alijifunika uso. Mzee mwenyewe hakusogea.

Karani hakutafsiri. Alimtazama Linet, si hakimu, kana kwamba ruhusa ilikuwa yake.

"Karani," hakimu akasema. "Mahakama inangoja. Maneno yake mwenyewe."

Akayatafsiri. Yote, pamoja na ile chai. Hakimu aliandika polepole, akimsimamisha mara kwa mara apate neno kamili. Inspekta akasoma maelezo ya kesi, na Munyao aliulizwa kama ni sahihi, akasema ni sahihi isipokuwa mahali pamoja. Karatasi ilisema mlinzi alipigwa kutoka nyuma. "Hapana," akasema. "Ilikuwa mbele. Alikuwa ananiangalia." Hakimu akaliandika na hilo. Nilimwangalia dada yangu. Uso wake ulikuwa umekauka, na nilielewa kwamba anajua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani jinsi kila kitu kilivyokuwa kikienda sawasawa. Hapakuwa na ufa. Hakuna jaji popote ambaye angeisoma kumbukumbu ile akauliza kama mshtakiwa alielewa.

Aliulizwa kama ana la kujitetea kabla ya adhabu. Akasema hana. Hakimu akatamka hukumu kwa Kiingereza, karani akaisema kwa Kikamba, na hapo tu ndipo sauti yake ilipokatika. Kisha hakimu akavaa miwani yake.

"Mwanafunzi," akasema, na hakusema kwa kejeli, naapa alisema kwa heshima. "Mahakama inakushukuru. Bila wewe tungefanya makosa."

Askari walimteremsha Munyao kizimbani. Alipopita karibu nasi alimtazama Linet, na uso wake ulikuwa umelegea, mtulivu, uso ambao hatukuuona tangu alipoacha kwenda Tala. Sikuweza kumsamehe kwa utulivu ule. Nilimchukia, nikamlilia, vyote kwa pamoja, na mlango wa pembeni ukafungwa.

Mama hakulia. Alikuwa amesikia kila neno, kwa lugha yake mwenyewe, lakini alikuwa ameshika upindo wa sketi ya Linet na kuuvuta.

"Walimpiga huko ndani," akasema. "Hata mdomo si mmeuona? Wamemfundisha aseme hivyo. Simama hivyo hivyo, mwanangu, usikae. Si wewe wamekusikiza? Waambie wamrudishe. Waambie wamuulize tena."

Linet hakugeuka. Alikuwa akitazama ule mlango wa pembeni.

"Mwaitu," akamwambia Mama, "wakimuuliza tena, atasema tena."